Kikohozi cha Hilario Kimeandikwa kwa Oktavia

Mgeni rasmi, Profesa, kamwene! Utuwie radhi umetukuta tunagombana. Mama Oktavia alikuwa anamwambia jirani yake, "Mzee Hilario, chukua kikohozi chako, nimechoka kukohoa kwa niaba yako!" Naye akajibu, "Mashine imesema mimi mzima. Wewe nani ubishane na akili mnemba?" Ugomvi huo ndio risala yenyewe.

KARIBU
Sisi wakazi wa kitongoji cha Ikondamo, jirani na Uwemba, tunakupokea kwa furaha. Ndiyo kwanza unafika, ingawa utafiti wako una mwaka mzima unatujua kuliko tunavyojijua.

HISTORIA
Vijana wako walifunga katika kila jiko kisanduku cha akili mnemba cha kusikiliza vikohozi. Hawakuuliza nani anaota moto wapi. Wangeuliza, wangeambiwa kwamba baridi ya Juni ikishuka, huku hakuna anayechoma kuni kwa ajili ya mtu mmoja. Wote tunajazana kwa Oktavia, kwenye moto na umbea.

MAFANIKIO
Ni makubwa mno. Kisanduku cha Oktavia kilihesabu vikohozi mia nne kwa siku, kikaamua vyote ni vyake. Gari likaja mbio kumpeleka hospitali. Akapimwa, akakutwa mzima kama jembe jipya. Kisanduku cha Hilario, mgane asiyewasha moto kwake, hakikusikia hata chafya, basi akaandikiwa kifua safi. Tukasikia matokeo yamesomwa ukumbini Makambako, kwa Kiingereza, yakapigiwa makofi. Hongera sana.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, kadogo. Hilario anakohoa tangu kabla ya Pasaka, na wiki hii ametema damu. Tukimsihi akapimwe, anatutolea karatasi yako yenye muhuri. Sisi, kwa bahati mbaya, hatuna muhuri.

MAOMBI
Hatuombi lami wala mabati, usishtuke. Tunaomba umsikilize Hilario kwa masikio uliyozaliwa nayo, kisha umwambie kwa kinywa chako kwamba karatasi ilikosea. Maana yeye maneno yetu hayasikii. Halafu uondoke naye leo hii hadi hospitali. Gari lako lina nafasi nyuma; tumeshachungulia.

Mungu aliyeumba sikio kabla ya kisanduku akubariki, akuzidishie kusikia.

Ni sisi,
Wakazi wa Ikondamo, waota moto wa Mama Oktavia.
Imesomwa na Esnath, katibu.

Haya Profesa, inama kidogo, mlango ni mfupi. Ingia ule, kande zinapoa. Kigoda chako tumekiweka kando ya Hilario.