Baba Yake Sidi Yuko Wapi?

Feri ya Kilifi ilikuwa imeondoka ng'ambo Sidi aliposikia watu wawili wakibishana nyuma yake juu ya moto wa jehanamu, mwalimu mmoja wa bara na mama mshonaji aliyeitwa Nduku.

"Mwalimu, neno la asili la Biblia lililofasiriwa kuzimu maana yake ni kaburi," alisema Nduku. "Wafu wamelala tu."

"Na yule tajiri wa Injili aliyelilia tone la maji motoni, naye alikuwa amelala?"

"Ule ni mfano."

"Mfano wa nini, kama moto haupo?"

Sidi alikuwa amemzika baba yake juzi, mzee Mwambire, ambaye hakuwahi kubatizwa. Nduku akisema, roho ya Sidi ilitulia. Mwalimu akijibu, Sidi alimwona mzee motoni. Mwishowe akageuka.

"Shikamooni. Baba yangu amekufa hajabatizwa, na alikuwa mtu mwema. Sasa yuko wapi?"

Mwalimu alifungua Biblia, akaifunga asisome kitu. Nduku alimshika Sidi mkono. "Pole, mwanangu," alisema.

Feri ikagota ukingoni, watu wakaanza kushuka. Sidi aliwafuata polepole, asijue amwombee baba yake au amwache alale.