Dereva Redio na Safari ya Kimya

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, jikoni, dukani au nyuma ya usukani. Leo tunamkumbuka dereva wa teksi. Wenzake walimwita Redio. Sisi wenye redio ya kweli tulimwonea wivu kidogo, maana huyu bwana hakuhitaji mtambo wala umeme. Ukifunga mlango wa gari lake tu, matangazo yanaanza.

Alifia kwenye gari hilo wiki iliyopita, mchana kweupe. Nasema tena kwa waliochelewa kufungua: dereva wa teksi, mtu mzima mwenye mvi zake, kafia ndani ya gari lake mchana kweupe, na abiria alikuwa ametoka kushuka. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mkewe alinipokea sebuleni. Kitambaa cha kufutia vioo vya gari kilikuwa bado kimeanikwa dirishani.

"Mume wangu alikuwa na mdomo, sikatai," aliniambia. "Hata mimi alinipata kwa mdomo huo huo. Nilipanda teksi yake naenda kwenye usaili, natetemeka. Akanichekesha njia nzima. Kazi sikupata, mume nikapata."

Ndivyo alivyofanya kazi. Mgeni wa mji alionyeshwa duka la dawa. Mjamzito aliambiwa mapema, "Jishike dada, mbele kuna tuta." Aliyekuwa analia aliulizwa kulikoni. Kwa Redio huduma ilikuwa hiyo: gari safi, mwendo wa adabu, na mtu wa kuzungumza naye.

Kisha zikaja teksi za kuitwa kwa simu. Abiria akishuka anampa dereva nyota. Nyota zikipungua sana, dereva anafutwa. Redio naye akajiunga na kampuni moja ya teksi hizo, akaanza kupoteza nyota. Si kwa uchafu, si kwa mwendo kasi. Malalamiko yalikuwa yale yale: dereva anaongea sana. Na tusiwaonee abiria, jamani. Mtu katoka kazini kichwa kinamgonga, kalipia kiti, hakulipia hotuba. Ana haki yake.

Dereva mwenzake, aliyekuwa akiegesha naye nje ya soko, anaikumbuka siku Redio alipoitwa ofisini.

"Alirudi amenywea. Akasema, 'Kaka, lalamiko moja tu zaidi, wananifuta. Na gari hili ndilo linalotulisha.' Nikamwambia, 'Funga domo, uendeshe.' Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Mimi."

Redio akakubali shingo upande. Kwenye programu ya simu ya kampuni ile kuna alama ya safari ya kimya. Abiria akiibonyeza, dereva haanzishi mazungumzo. Redio hakusubiri hata alama. Alinyamaza kwa kila abiria, kisha akanyamaza hadi nyumbani.

"Nyota zilirudi," mkewe alisema, "mume hakurudi. Mezani nilikuwa namvuta maneno kama namng'oa jino. Akaniambia anaogopa. Akizoea kuongea nyumbani, mdomo utamponyoka kazini. Mimi nikamcheka. Nilidhani ni utani wake mpya."

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Abiria wake wa mwisho alikuwa mama mmoja mhasibu. Alitupigia simu mwenyewe, na ameturuhusu kusimulia. Alikuwa anawahi kikao, amechoka, akabonyeza alama ya kimya.

"Nilimwona anafuta jasho," alisema. "Nikadhani ni joto. Akashusha kioo. Akajishika kifuani, nikadhani anarekebisha mkanda. Tulipofika kwenye geti la hospitali akapunguza mwendo, akawasha taa ya kukata kushoto. Nikamwambia, 'Kaka, nyoosha moja kwa moja, nachelewa.' Akaniangalia kwenye kioo. Akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akazima taa, akanyoosha."

Wasikilizaji wapendwa, hospitali ilikuwa kushoto kwake. Narudia: hospitali ilikuwa kushoto kwake. Nimekaa na jambo hili wiki nzima.

Alijikaza akamfikisha. Aliegesha vizuri, karibu na ngazi, akavuta breki ya mkono. Mama yule akashuka haraka, na akiwa ndani ya lifti, kwa moyo mweupe kabisa, akampa nyota zote. Mlinzi wa jengo alikuja kumwomba asogeze gari. Akagonga kioo, akagonga tena. Redio alikuwa ameshakata roho.

Simu ya marehemu alikabidhiwa mkewe. Maneno ya abiria yalikuwa bado yanasomeka: "Dereva bora kabisa. Hakusema hata neno moja."

"Nilitaka kuirusha ukutani," mkewe aliniambia. "Kisha nikamhurumia huyo mama. Alikuwa anamsifu. Na mume wangu angeifurahia ile sifa, ndicho kinachoniuma."

Mama mhasibu naye ana swali lake. "Hivi angeniambia anaumwa," aliniuliza, "ningemlalamikia?" Alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Kampuni tumeiuliza kama dereva anaruhusiwa kusema anaumwa katika safari ya kimya. Wametuambia, bila shaka anaruhusiwa. Haya. Redio hakuna aliyemwambia.

Tunampa pole mjane na watoto wake. Pole kwako kaka wa pale sokoni, hukujua. Pole na kwako mama mhasibu, kwa sababu najua unatusikiliza.

Katika kipindi hiki huwa tunanyamaza kidogo kumheshimu marehemu kabla ya kuagana. Leo mkewe ametuomba tusifanye hivyo. "Kimya alichokaa kinamtosha," alisema. Basi wewe uliye ndani ya teksi sasa hivi, unayenisikia kutoka kwenye spika ya gari: mwombe dereva apunguze sauti yangu. Muulize anaendeleaje. Kisha msubiri ajibu.