Mashua ya Elia Iliyokosa Maji Tarime

Ukitoka stendi ya Tarime ukaifuata barabara ya Sirari, kabla hujafika kwa mafundi wa kuchomelea utaona pua nyeupe ya mashua imetokeza juu ya uzio wa mabanzi, imeelekea barabarani kama ng'ombe aliyechoka kukaa zizini. Chini ya pua hiyo kuna benchi, na kwenye benchi hilo kahawa ya Abdurahmani hunywewa kila siku na watu wasio na haraka. Mashua ni ya Elia Wangwe. Imekaa juu ya tela lake tangu mwezi wa pili, mwendo wa saa nzima na ushee kutoka kwenye maji yanayoweza kuibeba. Elia alikuja nayo kutoka Musoma pale mkewe Beatrice, ambaye ni muuguzi, alipopata uhamisho. Watu wengine wakihama hubeba kabati. Yeye aliliacha kabati ili mlingoti upate nafasi kwenye lori. Kijiwe kilimpa cheo siku hiyohiyo, kikamwita Kapteni, naye hakukikataa. Angekikataa siku ile, angejiokoa na mengi.

Jumamosi hiyo Kapteni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi. Usiku uliopita Beatrice alikuwa amesema maneno machache tu. Pale ilipo mashua yeye anataka banda la kuku. Elia ataje maji ambayo mashua itaingia, maji ya kweli, yenye jina. Akishindwa, kuna mama anakuja kutoka Shirati saa nne, atainunua aende nayo.

— Jamani, leo sitanii, alisema Elia. Nina mpaka saa nne, la sivyo inauzwa. Nitajieni maji.

— Lambo, alisema Stanslaus palepale.

Stanslaus waliyemwita Mwenyekiti aliwahi kuomba kura mara tatu, na kiti pekee alichofanikiwa kukipata ni hicho cha mwisho wa benchi.

— Lambo tumeshalijaribu, Mwenyekiti.

— Tulilijaribu vibaya, mura. Hatukujipanga.

Habari ya lambo kila mtu aliijua, na kila mtu alitamani isirudiwe. Mwezi wa nne Elia aliuliza wapi kuna maji ya kutosha, akajibiwa na watu waliofuga ng'ombe tangu wazaliwe. Hao maji huyapima kwa ng'ombe. Lambo linalonywesha mia mbili, walimwambia, halishindwi na kamashua kamoja. Basi wakaivuta mashua mpaka huko, wakaisukuma ndani kwa vifijo. Ilikuwa na futi kumi na saba. Ilipogeuka, pua ikagota ukingo wa huku na mkia ukagota ukingo wa kule, ikatulia hapo kama daraja, na ndama mmoja akaanza kulijaribu. Elia, ili asionekane ameshindwa kabisa, akapandisha tanga. Ng'ombe walipoona lile shuka kubwa linapigapiga juu ya maji yao waligoma kunywa, wakarudi nyumbani na kiu. Wazee wakakaa kikao, Kapteni akaamriwa atoe mbuzi. Akatoa. Kijiwe kizima kilihudhuria ile nyama, na kwa kweli walikula kwa bidii kuliko walivyosukuma.

— Mimi niliwaambia kitambo, alisema Godwin. Hii maneno ya lambo ni ya watoto. Mtu mkubwa anaenda Mto Mara.

Godwin ni wakala wa forodha pale mpakani Sirari. Huvuka kwenda Isebania, upande wa Kenya, mara tano kwa siku, na kila akirudi anarudi na maneno ya huko. Kwa hiyo jina lake ni Forodha.

— Na viboko? aliuliza Mwenyekiti.

— Kiboko ako na ratiba yake. Mchana analala.

— Na mamba?

— Hiyo mashua ni faiba, bwana. Mamba hali faiba.

— Faiba hali, lakini Kapteni si faiba.

Elia akajitazama mkono, kana kwamba anahakikisha. Forodha hakujali, alikuwa ameshapata moto.

— Tatizo la huo mto si mamba, ni karatasi. Sikilizeni. Yale maji yanatoka Kenya, si ndiyo? Hayakai hapa, yanapita tu kwenda ziwani. Hiyo kwa kazi yetu inaitwa mzigo unaopita. Sasa wewe ukielea juu ya mzigo unaopita, na wewe ni sehemu ya mzigo. Lazima uwe na fomu. Mimi nitakuandalia, hata usijali, shida kidogo itakuwa kwenye sehemu ya kujaza uzito.

— Uzito wa mashua?

— Wa mto.

Wote wakaufikiria uzito wa mto. Mwenyekiti aliona heshima inamtoka, akaichukua habari hiyo akaisogeza mbele mpaka upande wa Serengeti, kule mto unakovukwa na nyumbu. Alisema watalii wameshawachoka wale nyumbu. Picha ni ileile kila mwaka, nyumbu anaingia, nyumbu anatoka. Lakini nyumbu elfu wakiwa wanavuka, halafu katikati yao anatokea Mkurya amekaa wima na tanga jeupe?

— Watalia machozi, alisema. Hifadhi itakuajiri.

— Hifadhi itanikamata, Mwenyekiti.

— Watakukamata wakikuajiri. Mambo hayo huenda pamoja.

Elia akageukia upande wa buli.

— Mzee Abdurahmani, wewe ni mtu wa pwani. Tusaidie.

Abdurahmani akafuta kikombe taratibu. Jibu hili alikuwa amelitoa kila mwezi tangu mashua ifike.

— Babu yangu ndiye alitoka pwani, mwanangu. Mimi nimezaliwa Mugumu. Bahari nimeiona kwenye kalenda.

— Hata hivyo damu inajua.

— Damu yangu inajua bwawa la Mugumu tu. Pale kuna maji mapana. Ila ndiyo maji wanayokunywa wajomba zangu, sasa sijui Kapteni akidumbukia humo watu watapikaje chai.

— Watachemsha vizuri, alisema Forodha.

Jua lilikuwa limepanda, kivuli cha mashua kimesogea mpaka magotini mwao. Mwenyekiti akainuka. Anapoinuka huwa ameona jambo ambalo wenzake hawajaliona, na mara nyingi ni kwa sababu halipo.

— Sisi tumekuwa wajinga miezi yote hii. Tela lina nini?

— Matairi.

— Na mashua ina nini?

— Tanga.

— Sasa maji ya nini? Tunaivuta mpaka tambarare za Serengeti, tunapandisha tanga huku iko juu ya tela lake, upepo unakuja, huyoo! Hakuna kuzama, hakuna mamba. Kapteni anaenda Mugumu sokoni anarudi, mafuta bure.

— Na breki? aliuliza Elia.

Huo ndio ugonjwa wa kijiwe. Mtu mzima mwenye akili zake, aliyekuja kutafuta msaada, anajikuta anauliza breki.

— Unashusha tanga.

— Na kona?

— Serengeti ina kona gani?

Elia naye akatoa la kwake, akalitoa kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelihifadhi. Kwa nini wasichimbe bwawa lao? Vijana wa machimbo ya Nyakunguru wanachimba mashimo marefu kila siku bila kuambiwa na mtu. Waitwe, wachimbe moja pana, mvua ya masika ilijaze, basi.

— Na wakikuta dhahabu humo? aliuliza Forodha.

— Tutagawana.

— Tukigawana dhahabu, mashua ya nini tena?

Wakacheka mpaka Abdurahmani akaliweka buli chini. Alipomaliza kujifuta macho akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

— Na ziwa je, Elia? Shirati si hapo tu? Si afadhali kuivutia huko kila Jumamosi kuliko kuiuza?

— Shirati kuna mawe, alijibu Elia haraka.

— Kinesi?

— Magugu. Yanashika usukani.

— Musoma kwenyewe ulikotoka?

— Kule nimeshakuzoea, mzee. Mtu anataka maji mapya.

Majibu hayo alikuwa nayo tayari siku zote, na kijiweni mtu mwenye jibu tayari haulizwi mara mbili. Yeye mwenyewe aliyasikia yakitoka, yakamchosha. Mawe ya Shirati hakuwahi kuyaona. Sababu ya kweli hakuitaja, na hapo ndipo pikapu ikasimama.

Mama aliyeshuka alikuwa mnene wa wastani, kitenge amekifunga kikazi. Alimwamkia Abdurahmani shikamoo, wengine akawaambia hamjambo, akajitaja kuwa ni Regina wa Shirati, mwenye mitumbwi miwili ya dagaa. Kahawa aliipokea akainywa akiwa amesimama. Kisha akaingia uani, akapita ubavuni mwa mashua akiigonga kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, akauchomeka mkono wa usukani mahali pake, akaupeleka huku na huku. Kijiwe kizima kilimfuata nyuma kikimweleza. Mwenyekiti alimpa tambarare, Forodha akampa uzito wa mto. Mama Regina aliwasikiliza wote mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo lilianza kuwatia wasiwasi.

— Musoma mlikuwa mnatembea nayo? aliuliza.

— Sana, mama! alijibu Mwenyekiti, ambaye hajawahi kuishi Musoma. Huyu ni Kapteni.

— Miaka tisa, alisema Elia. Kila Jumapili baada ya ibada.

— Vizuri. Na usukani alikuwa anashika nani?

Lilikuwa swali dogo tu. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kushindwa swali, akamgeukia Elia. Miezi minane walikuwa wamekaa chini ya mashua hii wakigombania maji ya nchi nzima, na hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

— Simioni, alisema Elia.

— Simioni ni nani?

— Jirani yangu. Mwalimu mstaafu. Mashua ilikuwa yake.

Sasa alikuwa ameanza, na akaona ni afadhali amalize.

— Yeye alishika usukani, mimi nilishika kamba ya tanga. Aliniambia vuta, nikavuta. Legeza, nikalegeza. Inama, nikainama. Kwa kuinama nilikuwa hodari kweli. Usukani nimeushika siku moja tu, alipokuwa anamenya chungwa. Halafu macho yake yakaharibika, binti yake akaja kumchukua kumpeleka Dodoma, naye mwalimu akaniachia mimi mashua. Akasema, Elia, isikauke hii. Nikamwambia haitakauka. Mwezi mzima nikawa nashuka ufukweni, naingia ndani yake, nakaa. Imefungwa. Sikuwahi kuifungua ile kamba. Beatrice alipoletewa uhamisho kila mtu alinipa pole ya kuliacha ziwa, na mimi moyoni nilikuwa nashukuru Mungu.

Akaushika mkono wa usukani, akauachia.

— Naliogopa, mama. Nikiwa peke yangu naliogopa ziwa. Mawe ya Shirati nimeyatunga.

Pikipiki ikapita barabarani, vumbi likawaangukia. Hakuna aliyecheka, na Elia angependa wacheke.

— Mimi kuogelea sijui, alisema Mwenyekiti ghafla, akitazama pembeni.

— Hata mimi, alisema Forodha. Huo mto wenyewe navukaga kwa daraja.

Mama Regina akamrudishia Abdurahmani kikombe.

— Sawa. Mimi sinunui mashua ambayo sijaiona ikitembea. Fungeni tela kwenye pikapu yangu, tukaijaribu. Kamba nitashika mimi.

— Na usukani?

— Wewe.

— Mama, si nimekwambia sijui?

— Nimesikia. Mimi naijua kamba, nitakwambia usukani uupeleke wapi. Tukirudi ufukweni ndipo uniambie unauza au huuzi. Sasa hivi unauza kitu usichokijua.

— Na ikipinduka?

— Tutalowa.

Beatrice alikuwa mlangoni, haijulikani tangu saa ngapi. Miaka tisa alikuwa amemfulia yule bwana nguo zinazonuka ziwa, na siku zote aliamini anafua nguo za kapteni. Aliingia ndani, akatoka na boya la kuvaa, lile la rangi ya machungwa, akalikung'uta manyoya ya kuku, akamvalisha mumewe palepale uani na kumfunga mikanda yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, akiikaza.

— Nenda, alimwambia. Kuku watalala jikoni wiki hii.

Wanakijiwe wakasukuma tela kwa nguvu ambazo lambo halikuziona. Pikapu ikaondoka polepole, mashua nyuma, ikapita stendi. Abiria walioshuka mabasini wakasimama kumtazama mtu mzima aliyekaa kiti cha mbele na boya kifuani, juu kabisa ya milima ya Tarime, mahali ambapo popote utakapoanguka unaangukia vumbi.

Mama Regina alimtupia jicho mara moja, mara mbili.

— Hilo unaweza kulivua kwanza. Maji bado mbali.

— Acha tu, mama, alisema Elia, mikono imeshika mikanda. Nianze kuzoea.