Picha ya Manyang Bado Nzito

Tulikuwa tumeiacha Kakuma nyuma, tukielekea Lodwar, Manyang, muuza viatu wa kambini, alipomwonyesha simu mama aliyeketi kando yake. “Madam, fomu ya chuo inakataa picha yangu. Inataka kilobaiti hamsini, yangu ni elfu mbili. Na wanafunga leo saa kumi na moja.”

“Ulijaribu kuipunguza?”

“Mara tatu. Kwanza nilisimama karibu na kamera. Halafu nikarudi nyuma mpaka kwa bomba ya maji. Ya tatu nilifika kwa ua ya kanisa.”

Mama, ambaye alisema ni karani, alifumba macho. Hata mimi ningefumba. “Ndugu yangu, kusimama mbali hakupunguzi kitu. Ukifika Lodwar unaiweka kwa kompyuta, unafungua GIMP, programu ya picha, hailipiwi, unapunguza upana, unahifadhi. Dakika mbili.”

“Kwa nini fomu haikusema hivyo?”

“Fomu zilishawahi kusema nini?”

Gari likayumba, likasimama. Pancha, na saa tisa ilikuwa imepita. Manyang aliitazama ile picha ya tatu, ambamo alionekana kama kijiti kilichochomekwa mchangani.

“Picha imebaki na uzito yake,” alisema. “Mimi ndiye nimepungua.”