Shangazi, Mlezi wa Vijana Wasio na Makao

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Shangazi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji, akasoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1978 akahitimu ualimu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na seremala, ambaye leo ni mgane wake, wakajaliwa binti na mvulana.

Mwaka 1991 aligundua kwamba mwanafunzi wake mmoja, msichana aliyesinzia darasani kila asubuhi, alikuwa akilala kwenye stoo ya madawati, baada ya kufukuzwa na baba wa kambo. Hakumhoji, alimbebea mkoba wakaongozana nyumbani. Mumewe alipouliza, "Sasa huyu atalala wapi, mke wangu?" alijibiwa, "Kwani wewe si seremala?" Kitanda kikatengenezwa, vikafuata vingine, na mzee akawa anawatania wageni kwamba alioa mwalimu mmoja akaletewa shule nzima. Ndivyo lilivyozaliwa shirika letu la kulea vijana wasio na makao, lililosajiliwa mwaka 1996, likapanga nyumba nyuma ya soko.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 2004, kijana mmoja wa nyumba ile alipovunja duka la muuza vitambaa. Majirani walikutana, wakataka nyumba ifungwe, na muuza vitambaa akasema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Shangazi akasimama. "Hawa si samaki, jirani yangu, ni watoto wa watu. Aliyeiba nitamleta mwenyewe, na mkimkataa, mtufukuze sote."

Alimtafuta kwenye vituo vya mabasi na vichochoroni mpaka akampata, akamleta dukani, kijana akaomba radhi huku analia, hata mwenye duka akasema, "Basi, yaishe." Nyumba ikabaki, lakini kijana hakuweza kuishi na aibu ile, akaondoka, asionekane tena, na jambo hilo lilimchoma Shangazi kuliko yote.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, akauguzwa kwa zamu na wanawe wa kuzaa na wa kulea, hadi tarehe 19 Agosti 2023, mchana, alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Hata kitandani alimuulizia kijana yule, akituagiza, "Akija, msimuulize kitu, mpeni chakula." Kama yupo hapa leo, familia inamwomba aje aketi mbele, pamoja na wafiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mlioacha shughuli zenu mkatupikia, walimu wenzake, na watumishi wa shirika, ambao baadhi yao hawapo hapa kwa sababu nyumba haikufungwa hata leo, na vijana wawili wapya wamepokelewa asubuhi hii.

Umewalaza wengi, Shangazi. Sasa nawe pumzika kwa amani.