Specioza Bundala (1989–2025): Ugonjwa Wake Haukuwa Laana

Marehemu Specioza alizaliwa tarehe 9 Aprili 1989 kijijini Mwamapalala, Itilima, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bundala Mihayo, ambaye sasa ni marehemu, na Mama Anna Shija.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha akaenda sekondari Maswa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2007. Mwaka uliofuata alianza kuchukua samaki Lamadi na kuwauza sokoni Bariadi. Mteja akimbonyezabonyeza sato bila kununua, Specioza alimwambia, "Baba, huyo ameshakufa, usimtese tena."

Tarehe 18 Agosti 2012 alifunga ndoa na Deogratias Masunga wa Bariadi. Mimba ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitano. Mtoto wa pili na wa tatu walizaliwa wamekufa. Viungo vilimvimba, vipele vikamtoka usoni, asubuhi akashindwa hata kufunga vifungo vya gauni. Ukweni walisema ana mkosi. Wengine, na mpo hapa, mlisema anakula watoto. Alipelekwa kwa waganga, akachanjwa chale.

Mwaka 2019 daktari mmoja jijini Mwanza alimpima damu, akamkuta na lupus. Alimweleza kwamba kinga za mwili wake, badala ya kupigana na magonjwa, zilikuwa zinaushambulia mwili wenyewe na kugandisha damu kwenye kondo la nyuma, hivyo mtoto anakosa chakula na hewa.

"Mama, hujaloga wala hujalogwa," alimwambia.

Specioza alilia. "Daktari, twende Bariadi ukawaambie wewe. Mimi hawataniamini."

Katika mimba iliyofuata alijichoma sindano tumboni kila siku ili damu isigande. Tarehe 2 Machi 2021 alijifungua Gloria kwa upasuaji, mzima, analia.

Daktari alimwonya asibebe mimba tena mpaka figo zake, ambazo nazo lupus ilikuwa imezishambulia, zitulie. Dada yake, Lukresia, anayesoma wasifu huu, alilipeleka onyo hilo kwenye kikao cha ukoo wa mume. Alijibiwa, "Binti mmoja hatoshi. Kama mdogo wako hawezi kutupa mtoto wa kiume, ataletwa anayeweza."

Jioni ile Specioza alisema, "Dada, nikikataa nafukuzwa na Gloria anabaki kwao. Nifanyeje?"

Akabeba mimba. Tarehe 27 Septemba 2025 damu iliganda kwenye ubongo, akafariki njiani akikimbizwa Mwanza, na mtoto wa miezi sita akafa tumboni mwake. Kipimo cha mwisho kilikuwa kimeonyesha mtoto wa kike.

Ameacha mume, binti yake Gloria mwenye miaka minne, mama yake Anna, dada yake Lukresia na mdogo wake Fredrick. Watoto watatu waliomtangulia walizikwa nyuma ya nyumba bila jina, kwa amri ya wazee. Yeye mwenyewe aliwaita Mabula, Sayi na Ndaki, na leo tumewataja mbele ya watu.

Mungu ampe Specioza amani aliyonyimwa nyumbani kwake.