Bi Mahututi Anatoka Kitandani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuugua kazini, mwenzetu Bi Mahututi anastaafu akiwa mzima wa afya. Ofisi imeniomba niandike mimi neno la kumuaga kwa sababu nimelala kitanda cha jirani yake mara nyingi kuliko mtu yeyote, na wenye midomo waifunge: kati yetu kulikuwa na pazia.

Kwa wasomaji wageni, chuo chetu kinafundisha madaktari, wauguzi na wafamasia. Kabla hawajaachiwa wagonjwa wa kweli wanajifunzia kwetu, wagonjwa wa kuigiza. Siku ya mtihani vyumba vinagawanywa kwa mapazia kuwa vituo, kila kituo mgonjwa mmoja na mtahini mmoja mwenye karatasi yake ya alama. Kengele ikilia mwanafunzi anaingia, ikilia tena anahamia kwa jirani. Mimi ni tezi dume. Tezi dume ikipewa mapumziko, mimi ni mlevi aliyeanguka, na kazi hiyo ya pili sikuhitaji kufundishwa.

Bi Mahututi alianza hapa kama mfagiaji. Siku moja mgonjwa wa kuigiza hakutokea kazini kwa sababu alikuwa anaumwa, basi wakamlaza yeye, fagio likiwa limeegemezwa ukutani, wakamwambia ashike tumbo. Alilia vizuri mno, mtahini akatupa kalamu akaenda kuita gari la wagonjwa. Tangu hapo fagio hakulishika tena. Ameugua kidole tumbo, pumu, kiharusi cha kushoto na cha kulia. Amezaa watoto wasio na idadi, na wote ni mto ule ule wenye foronya ya bluu. Kuna kijana mmoja, sasa ni daktari mkubwa na tumbo lake ni kubwa zaidi, aliyemsikiliza moyo kwa muda mrefu, akatoa jasho, akamgeukia mtahini na kumtangazia kwamba mama amefariki. Marehemu akafungua jicho moja: "Mwanangu, hicho kipimo kiko shingoni. Kivae masikioni ndiyo nifufuke."

Hayo ni ya kuchekesha, na ningependa niishie hapo. Lakini kazi iliyomfanya Bi Mahututi awe Bi Mahututi haikuwa na kelele hata kidogo.

Mwaka walipoongeza kituo cha sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, walimpa yeye. Siku ya kwanza ya mazoezi alijipiga kifua na kulia kama yuko msibani. Daktari wa akili aliyekuja kutufundisha akamwambia apunguze. Akapunguza. Apunguze tena. Mwisho akawa anakaa tu, mikono mapajani, anajibu neno moja kwa shida kama mtu anayeinua gunia. Mimi nyuma ya pazia nywele zilinisimama, nikatamani arudi kuzaa mito.

Shida ni kwamba alipokwisha kuijua ile hali, akaanza kuiona nje ya pazia. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi la korido, yeye na gauni lake la mgonjwa, mimi na langu lililo wazi nyuma, na macho yake yakawa hayatulii. "Babu, yule binti wa pale hajasuka nywele tangu muhula uanze." Nikamwambia ni mitihani. "Na yule anayecheka sana? Mtazame wenzake wakiondoka." Nikamwambia aniache ninywe chai yangu. Hakuniacha. Hawa watoto, alisema, dalili zote wanazo kichwani, wanazitaja kwa mpangilio bila kukosea, halafu wanaziona kwa kila mtu isipokuwa yule aliye ndani ya koti lao jeupe. Na wakiziona, wanazificha. Nani atamwamini daktari mwenye sonona na sindano? Mshauri wa wanafunzi alikuwa na chumba kizuri chenye kapeti, na hakuna aliyepita mlango ule, maana ungepita tu, darasa zima lingekuwa limeshakupima na kukuandikia dawa.

Basi mwaka juzi, mtihani wa mwaka wa nne, akaingia kwake binti tuliyemwita Kamusi, kwa kuwa alikuwa na jibu la kila kitu. Mimi kituo cha pili nilikuwa bado nasubiri mgonjwa wangu, yaani daktari wangu, hivyo nilisikia yote. Kamusi akasalimia kama kitabu kinavyotaka. Akajitambulisha. Akauliza usingizi, chakula, hamu ya kazi. Bi Mahututi akainua magunia yake moja moja. Kisha kikafika kile kipengele ambacho wanafunzi wengi hukikimbia, cha kumuuliza mgonjwa kama amewahi kuwaza kwamba bora asingekuwepo duniani. Kamusi akaanza, "Mama, umewahi kuwaza..." akanyamaza. Nikasubiri. Pazia likatulia kama ukuta.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mgonjwa haulizi, mgonjwa anaulizwa. Bi Mahututi akauliza.

"Na wewe, mwanangu?"

Nilisikia mtu akivuta pumzi vipande vipande. Sasa, mtahini alikuwa mwalimu mzuri tu, wala simsemi vibaya, ila karatasi yake ilikuwa na kipengele cha huruma kwa mgonjwa. Akaona machozi ya binti, akaona mgonjwa amemshika mkono, akafurahi. Akampa alama zote za huruma. Tangu chuo kianze, sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuzipata zote.

Kengele ikalia. Na Kamusi, kwa jinsi tulivyowazoesha hawa watoto, akanyanyuka, akapangusa uso kwa mkono wa koti, akaja kwangu. Akasimama mbele ya kitanda machozi yakimdondoka kidevuni, akaniuliza, "Shikamoo babu, haja ndogo inatoka vizuri?" Kabla sijasema marahaba, pazia lilivutwa mpaka pete zake zikakatika. Bi Mahututi alikuwa peku, gauni la mgonjwa, nywele zimesimama. Mtahini nyuma yake anapiga kelele, "Mama, rudi kwenye kituo chako!"

"Mimi nimeshapona," akasema. "Huyu ndiye bado."

Akamshika mkono wakatoka. Mtihani ukaharibika, watahini wanagombana korido nzima, mimi nimekaa na tezi dume yangu bila mteja.

Kamusi alimsihi asimpeleke popote. Wataandika jina langu, mama, sitapata leseni. Bi Mahututi akamwambia yeye ameandikwa magonjwa yote ya duniani na bado anaitwa kazini kila muhula. Wakaenda pamoja kwa daktari wa akili, akakaa naye kwenye foleni, na yule wa dirishani alipouliza mgonjwa ni nani kati yao, Bi Mahututi kwa mara ya kwanza maishani hakunyoosha mkono. Siku hiyo hakumwacha peke yake mpaka mama mzazi alipofika.

Bi Mahututi akaitwa ofisini kwa kuvunja mtihani, akasimamishwa muhula mzima. Kamusi alikuwa ameenda kwao kutibiwa. Ule muhula, wenzangu, sijauona mrefu namna ile. Kila mara simu ya mwenzangu ikilia alikuwa anaitazama kwanza kabla ya kuipokea, kama vile imebeba kitu cha kumwagika. Kila asubuhi alimpigia yule binti. Siku nyingine alijibiwa maneno mawili. Siku nyingine simu iliita tu, naye akaja kugonga kwangu akakaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, mpaka ikapigwa kutoka upande wa pili.

Kamusi amerudi. Hajapona kama filamu inavyopona. Anameza dawa zake, ana asubuhi zinazomshinda, na anazisema. Chuo nacho kimebadilika kidogo: siku hizi kituo cha sonona kikiisha, mgonjwa huvua ugonjwa wake, akamwangalia mwanafunzi na kumuuliza yeye anaendeleaje, na hakuna kengele mpaka ajibu. Hilo halikutoka kwa profesa yeyote wala kwa Bi Mahututi peke yake. Waligombana sana mezani hadi likatoka.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima raha. Mtihani wa mwisho wa Kamusi ni Jumatatu, siku chache baada ya mwenzetu kurudisha gauni lake stoo. Kituo cha sonona kimepewa mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi. Mlevi na tezi dume! Nimewaambia watafute mwingine, wakasema hakuna. Bi Mahututi amekuwa akininoa wiki nzima: babu, usilie, babu, usikohoe, akikuuliza lile swali usitazame chini, mtazame yeye.

Juzi Kamusi alikuja kufanya mazoezi na mimi. Akafika pale pale. Akanyamaza. Nilisahau nacheza nini. Nilikuwa tu mzee anayeogopa. Kisha akaniuliza, swali zima mpaka mwisho, wala hakutazama chini, akasubiri jibu langu kama ana siku nzima. Bi Mahututi alikuwa pembeni. Akatoka nje akisema anafuata maji, na chupa alikuwa ameishika mkononi.

Kamusi amemwomba asije Jumatatu. Mama, nataka niingie mwenyewe; nikishindwa nitakupigia.

Basi, Bi Mahututi, kwa niaba ya wafanyakazi wote na wagonjwa wote wa uongo, asante kwa kila ugonjwa uliotuugulia, na kwa ule mmoja uliougundua. Tunakuombea afya njema, ingawa najua hujaizoea. Lala mchana kwenye kitanda kisicho na mtahini. Jumanne zima simu, Jumatano itupe uvunguni ukitaka. Lakini Jumatatu, dada yangu, tafadhali iache iwake.